Aliyehama Huondoka na Mlango

Siku hizi nikisikia mtu anasifia takwimu, nakumbuka milango ya Kasense. Nacheka kwanza, kisha aibu inanishika.

Nilikuwa nimepanga chumba Malangali. Kila asubuhi nilivaa sweta na kwenda Kasense kuandikisha watoto bima ya afya, nikiwa na kishikwambi chenye orodha ya kaya ambazo watoto wao hawakuwa na kadi. Mwenzangu alikuwa mama mmoja wa pale pale, mhudumu wa afya wa mtaa, mwenye daftari la kliniki lililofunikwa kwa gazeti, na nyumba yenye mlango wa bluu ulioonekana tangu barabarani. Mimi nilijiona mtaalamu. Yeye alinionea huruma na kunipa mahindi ya kuchemsha.

Kazi niliiona rahisi mno. Unapiga hodi, ukikuta watu, unaandikisha. Ukikuta pamefungwa mara tatu, unabonyeza "kaya imehama", nayo inafutika kwenye orodha. Mwezi ule nilibonyeza sana. Kila nilikokwenda ni makufuli, na ripoti yangu ilivyokuwa fupi na safi, ofisini wakanisifu.

Siku moja yule mama akaniuliza, "Na yule mtoto wa kifua, umeshamwandikisha?"

"Wale wamehama, mama."

"Nani kakwambia?"

"Nimekwenda mara tatu, pamefungwa."

"Mlango upo?"

"Upo. Na kufuli."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyepika ugali mbichi. "Mwanangu, aliyehama huondoka na mlango wake. Mbao ni ghali, nani aache mlango? Wale wako shambani, wanalala kibandani kulinda ulezi usiliwe na ndege. Jumapili watarudi kwa ajili ya misa."

Akafungua daftari lake. Mtoto alikuwa amepimwa uzito kliniki wiki mbili tu zilizopita. Alikuwa binti mdogo ambaye kifua chake kilipiga mluzi kila baridi ilipoingia, na mwaka uliotangulia nusura wampoteze, kwa kuwa nyumbani walichelewa kumpeleka hospitali wakihangaikia gharama. Baridi ya Juni ilikuwa mlangoni. Kadi hana, na mimi nimemfuta, hakuna atakayemtafuta tena. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema; mimi mgeni nilikuja, mwenyeji nikamfuta.

Tulikaa barazani kwake, yeye akisoma majina ya kliniki, mimi nikiyatafuta kati ya niliowafuta. Karibu wote walikuwemo. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye wala hakunisema, aliendelea kusoma tu, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

Kurudisha kaya iliyofutwa kulihitaji kibali cha ofisi na ushahidi. Nikapiga picha milango, mmoja baada ya mwingine, nikatuma. Mkuu wangu akanipigia. "Hivi unanitumia milango ya nini?" Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa, kisha akazirudisha kaya zote. Tangu hapo tulianza na waliokuwa kwenye daftari la kliniki, na safari za nyumbani tukazifanya Jumapili baada ya misa.

Jumapili ya kwanza tulikwenda kwa yule binti. Mama yake alikuwa na makapi ya ulezi kwenye nywele. Picha ya kadi ilitakiwa iwe na weupe nyuma, kwa hiyo mwenzangu alishika shuka, mikono juu, huku mtoto akikohoa na picha zikitoka na ukungu. Ya nne ikakubali. Julai kifua kilimbana, safari hii wakamwahisha, akalazwa, akarudi mgongoni kwa mama yake. Niliposikia nililia, na sioni haya kusema.

Kisha nikahamishiwa mkoa mwingine, na miaka ikapita. Nimeikumbuka ile baraza kuliko ofisi zote nilizokalia. Mwaka huu nilipopata likizo nilikwenda moja kwa moja Kasense, na kilo mbili za sukari mkononi, macho yakitafuta bluu tangu barabarani.

Hapakuwa na bluu. Palikuwa na uwazi ukutani, na kuku wakiingia na kutoka. Nilisimama pale na sukari yangu kama mjinga. Mlango haupo; nilijua maana yake, yeye mwenyewe alinifundisha. Lakini kuna kuhama na kuna kuhama, na moyo wangu ulikwenda kwenye kule kubaya.

Msichana wa shule akaja mbio kutoka nyumba ya jirani, ile niliyowahi kuipiga picha na kufuli lake.

"Shikamoo. Unamtafuta bibi? Amehamia Msanzi, kwa binti yake."

"Marahaba," nikasema, nikimkazia macho. Sura ilikuwa ya mama yake mtupu. Alikuwa anahema kwa kukimbia, nami nikategea sikio kifua chake bila aibu. Mluzi haukuwepo.

Nikamuuliza nitaipataje nyumba huko Msanzi.

"Ulizia tu yenye mlango wa bluu," akasema.