Dobi Aliyewekwa Namba Tano

Kwa miaka thelathini na mmoja dobi alipiga pasi nguo za watu katika kibanda cha halmashauri, jirani na posta, na hakuna aliyewahi kumwona kuwa ni kivutio. Watu walileta mashati yaliyokunjamana, wakayachukua yamenyooka, wakaenda zao. Kisha mji ukagundua kwamba ni wa kupendeza.

Ugunduzi huo ulifanywa na afisa mmoja wa halmashauri, mtu wa maneno laini na viatu vya kung'aa, ambaye watu walimbandika jina la Bwana Mandhari. Yeye ndiye aliyechapisha kipeperushi cha "Mambo Tisa ya Kufanya Ukitembelea Mji Wetu Mdogo". Alikusudia yawe kumi. Alizunguka juma zima akilitafuta la kumi, akaambulia malengelenge miguuni. Jambo la kwanza lilikuwa kupanda ngazi za posta, ambazo ni saba. La tatu lilikuwa kuketi kwenye benchi na kulitazama tangi la maji. La tano lilikuwa dobi: "Mshuhudie mama yetu akinyoosha nguo kwa pasi ya mkaa, kama zamani."

Bahati mbaya, mwaka huohuo binti yake dobi, ambaye ni muuguzi, alimletea mama yake pasi ya umeme. Alikuwa amekisikiliza kikohozi chake kwa muda mrefu, akampeleka kwa daktari, na daktari hakuficha neno: moshi ule ukiendelea, kifua kitakwisha.

Dobi aliipenda pasi mpya tangu kola ya kwanza. Ilikuwa nyepesi, haikutema majivu, wala haikudai kupepewa. Aliitumia siku mbili. Siku ya tatu Bwana Mandhari alisimama mlangoni, mikono kichwani kana kwamba amefiwa.

"Mama, umenimaliza! Hiyo nini?"

"Pasi, mwanangu. Karibu."

"Naona ni pasi. Ile nyingine iko wapi, ile yenye jogoo kwenye kifuniko?"

"Iko chini ya meza, imepumzika. Na kifua changu kimepumzika."

"Wageni hawafungi safari kuja kuona waya, mama. Waya wanazo kwao."

"Na vifua je, wanavyo?"

Bwana Mandhari hakucheka. Alimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba kibanda ni mali ya halmashauri, na kwamba kibali chake kinakwisha mwisho wa mwezi. Alisema hayo huku akimpangia vizuri vibanio vya nguo mezani.

Basi mkaa ukarudi. Wageni nao wakaja, na kofia zao pana. Walimwomba apepee zaidi, maana moshi haukuonekana vizuri pichani. Mmoja aliomba ajaribu mwenyewe, akaiachia suruali ya dereva wa lori alama ya kahawia yenye umbo la pasi, akajipongeza. Mwanamke mwingine, aliyekuwa akirekodi video, alimsihi dobi akohoe tena, kwa kuwa mara ya kwanza hakuwa amebonyeza.

Dereva alipoifuata suruali yake aliitazama, akamtazama dobi. "Siku hizi unapiga pasi, mama, au unaigiza?"

Jioni hiyo binti alikuja na dawa ya kifua. "Mama, unangoja nikuzike ndipo wapate picha nzuri?"

"Nikikataa wananifukuza. Nitapigia pasi wapi, sebuleni kwako?"

"Hata kitandani kwangu."

"Wateja wangu wako hapa, binti yangu. Wakinipoteza hapa, wamenipoteza."

Ikafika asubuhi ya uzinduzi. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuwa njiani kuja kukata utepe wa mambo tisa. Wageni kama kumi na wawili walikwisha kulizunguka jambo la tano Bwana Mandhari alipoingia anahema, koti jeupe mkononi, limejikunja kama karatasi iliyotupwa.

Aliinama juu ya meza. "Mama, ninyooshee hili sasa hivi. Ila..." akashusha sauti, "tumia ile nyingine."

"Ipi?"

"Ile ya binti yako."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, moshi umeniziba masikio."

"Ya umeme! Mama, koti ni jeupe! Cheche moja tu, nimekwisha!"

Wageni wakashusha kamera zao.

Dobi aliitua pasi ya mkaa juu ya kigae chake. "Kwa hiyo koti lako haliwezi moshi."

"Haliwezi kabisa."

"Mimi ndiye ninayeuweza."

Bwana Mandhari alitazama saa. "Mama, nakuomba. Mkubwa anafika."

"Sikiliza. Waya huu nikiuchomeka leo, sirudii mkaa tena, na kibali changu kinatoka. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, mama, ndiyo!"

"Andika." Alimsogezea daftari la wateja. "Uweke na mhuri. Najua unatembea nao mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso."

Bwana Mandhari akaandika, akagonga mhuri. Dobi alisoma kila neno, akamrudishia daftari aongeze tarehe. Kisha akatoka nje, akayamwaga makaa chini na kuyamwagia maji. Mvuke ulipofoka, wageni walipiga makofi na kupiga picha nyingi kuliko siku zote.

"Ni sehemu ya pili ya onyesho," Bwana Mandhari aliwaeleza, akijifuta jasho.

Dobi aliifuta meza, akachomeka waya, akaijaribu pasi kwa kidole kilicholowa mate. Huko barabarani honi za msafara zilikuwa zimeanza kusikika. Bwana Mandhari akamnyooshea koti kwa mikono miwili.

"Litundike pale," dobi akamwambia. "Kuna sare tatu za wauguzi zilizotangulia."