Mpingo wa Kwetu, Mpira wa Bwana Ustawi

Inasemwa siku hizi, tena na watu ambao wakati huo walikuwa hawajazaliwa, kwamba chama chetu cha muziki cha Temeke kilinunua klarineti ya mpira kwa sababu hatukujua kuchagua. Maneno hayo si ya kweli, na siwezi kuyaacha yapite. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa chama, na ndiye niliyepangiwa kuipuliza. Kuchagua tulijua. Tulichonyimwa ni ruhusa ya kuchagua.

Nieleze kwanza chombo chenyewe. Klarineti ya besi ni zumari refu, lenye shingo ya chuma juu na mdomo mpana wa chuma chini, uliopinda kama kiko cha tumbaku. Sauti yake ni nene na ya chini, isiyogombana na mtu. Fidla zetu na kodiani zilikuwa nzuri, lakini muziki wetu ulikuwa nyumba isiyo na sakafu. Sote tulilijua hilo, na ndiyo maana tulichanga.

Mwenye duka la vyombo mjini, mzee wa Kihindi wa jamaa ya Ithnaasheri aliyekuwa akituuzia nyuzi za fidla, aliletewa klarineti mbili za aina hiyo kutoka Ulaya. Moja ilikuwa ya mpingo. Ya pili ilikuwa ya eboniti, yaani mpira mgumu mweusi, uliong'arishwa hata ukiutazama kwa mbali utadhani ni mti. Michango yetu ilitosha yoyote kati ya hizo. Mzee alinikalisha nyuma ya duka nikazijaribu zote mbili.

Nitasema kwa haki: ya mpira haikuwa mbaya. Ilitoa sauti upesi, na mzee aliniambia wazi kwamba haipasuki kwa mvua wala kwa ukame. Lakini ya mpingo ilipotoa sauti niliisikia mbavuni kabla haijafika masikioni.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Kazi yangu ya mchana ilikuwa ukarani wa forodha. Magogo ya mpingo yaliyoletwa na gari moshi kutoka Kilosa yalipita mbele ya macho yangu kwenda melini, mazito, yenye moyo mweusi kama usiku wa giza. Niliyaandika yakitoka. Hakuna aliyewahi kuuliza kama magogo yale yangestahimili baridi ya Ulaya.

Nilipeleka habari kwenye mkutano wa chama. Mpiga ngoma wetu, mtu wa Mbweni asiyekubali jambo bila kulipinga kwanza, alisimama kuutetea mpira.

"Mti huliwa na mchwa," alisema. "Mpira nani aule?"

"Mchwa wakiujaribu mpingo watarudi kwao mapengo," mpiga kodiani akamjibu.

"Basi na apulize huyo mpingo wake. Ila ukipasuka, karani asinijie akitaka ngozi ya ngoma yangu ya kuzibia ufa."

"Ngoma yako ina ufa tangu siku uliyoanza kuipiga!"

Watu walicheka, naye akacheka, kisha mikono ikanyanyuliwa. Tulichagua mpingo, na mpiga ngoma mwenyewe alinyanyua mkono.

Hapo ndipo tulipokwama. Chama kilikuwa kikitumia ukumbi wa serikali, na kwa sababu hiyo hatukuweza kununua chombo kikubwa bila ridhaa ya afisa wa Kizungu wa Ustawi wa Jamii, aliyesimamia kumbi za Waafrika. Sisi tulimwita Bwana Ustawi. Nilikwenda kwake nimevaa koti, nikamweleza uamuzi wa wanachama.

"Mtachukua ya mpira," alisema, bila kuinua macho. "Mti unataka uangalizi. Unataka kufutwa, unataka kupakwa mafuta. Watu wako hawawezi."

"Bwana, mpingo ni mti wa kwetu."

"Mti ni wa kwenu, karani. Chombo si cha kwenu."

Nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote, na nimeambiwa mengi. Sentensi ile sijaisamehe. Tulinunua ya mpira kwa sababu tuliamriwa, na hilo ndilo ninalotaka liwekwe sawa.

Chombo kiliingia Temeke karibu na Sikukuu ya Idi, ambayo chama kilikuwa kimeahidi kuipigia muziki uwanjani. Sasa, kwetu kitu kipya cha chama hakikutoka mbele ya watu bila kufukizwa udi. Fidla zilifukizwa, kodiani ilifukizwa, hata kanzu zetu. Kazi hiyo ilikuwa ya mama wa chama, bibi mmoja mwenyeji aliyeheshimiwa na wote. Aliipokea klarineti kwa mikono miwili, akailaza juu ya tenga la kufukizia nguo, chini yake chetezo chenye makaa na udi, akaifunika kwa kanga ili moshi usipotee. Kisha akaenda kuswali. Mimi nilikuwapo, kisha nami nikatoka kwenda kuswali. Sikuona kosa, na hadi leo silioni, maana hivyo ndivyo tulivyokipa chombo heshima.

Aliporudi, harufu ya udi ilikuwa imeshindwa na harufu ya kiberiti, ile ya mpira unaoungua. Akafunua kanga.

"Shikamoo, Bibi. Vipi?" niliuliza nikiingia nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea zumari au ndizi?"

Kipande cha chini kilikuwa kimelegea kwa joto na kupinda. Vifuniko havikukaa tena juu ya matundu yake. Nilipuliza, ukatoka upepo mtupu.

Bwana Ustawi alipata habari, akaja mwenyewe kutazama, akacheka mbele ya bibi yule. "Hata mpira umewashinda," alisema, akaamuru chama kisinunue tena chombo chochote. Sidai kwamba mpingo ungeyapenda makaa. Huenda ungepasuka. Lakini ungepasuka mikononi mwa watu waliouchagua, nao wangejua la kufanya nao.

Nilikwenda kwa mzee wa duka. Aliigeuzageuza ile iliyopinda, akanusa, akatabasamu kidogo.

"Hii nitaitafutia kipande kingine, Bwana Katibu. Ile ya mti ichukueni mahali pake. Ila kwenye daftari langu niweke sahihi ya nani? Bwana Ustawi atauliza."

"Yangu."

"Wewe unakula mkate wa serikali."

"Najua ninachokula, mzee. Nipe kalamu."

Siku ya Idi nilikaa nyuma ya fidla nikapuliza mpingo. Sauti ilishuka chini ya nyimbo zetu ikatulia, na wachezaji wakaanza kukanyaga kwa uzito ambao hatukuwa nao kabla. Bibi alinirushia kanga begani. Bwana Ustawi alikuwa kwenye kiti cha mbele. Aliitazama klarineti tangu mwanzo hadi mwisho, na hakupiga makofi.

Baada ya sikukuu nilihamishwa kwenda Tabora. Sababu niliyopewa ni mahitaji ya kazi, ingawa karani aliyeletwa mahali pangu alikuwa ametolewa Tabora hiyo hiyo. Sikubisha, ila chombo nilikiacha, kwa kuwa kilikuwa mali ya chama wala si yangu. Wanachama walimkabidhi mpiga ngoma.

Alikuja kunisindikiza stesheni, midomo imemvimba.

"Karani, nimeipuliza tangu asubuhi. Imekataa."

"Imekataaje?"

"Inalia kama ng'ombe."

"Endelea nayo," nilimwambia dirishani. "Hata ikilia kama ng'ombe, ng'ombe huyo tumemchagua wenyewe."