Kisu Kwenye Kifua cha Guyo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo hunijia kama ndoto ya mchana. Ilikuwa miaka ya sabini, soko la mifugo hapa Isiolo. Mimi na mdogo wangu Guyo tulikuwa tunapakia mafahali kwenye lori. Fahali mmoja mweusi akageuka, akambana Guyo kwenye ubao wa lori. Guyo alikuwa ameshika kisu cha kukatia kamba. Kikamwingia kifuani, upande wa kushoto, mpaka kwenye mpini.

Vumbi likasimama hewani. Sikusikia tena sauti ya soko. Niliuona mpini tu, ukipanda na kushuka taratibu, kama mkia wa ndege aliyetua. Kumbe moyo wake ndio uliokuwa ukiuchezesha.

Kwetu wachungaji, kuacha chuma ndani ya ndugu yako ni aibu. Nikanyoosha mkono niking'oe. Na mimi sikuwa mtu wa kuambiwa kitu. Shule niliionea dirishani, ng'ombe wangu nikawapata kwa jasho.

Mama Halima, muuza maziwa, akanidaka mkono.

"Wacha, wewe! Ukitoa kizibo, maziwa yatakungoja?"

"Mama, huyu ni ndugu yangu!"

"Basi usimmalize. Fahali ameshajaribu."

Mtu mmoja akacheka, na mauti yapo pale pale mbele yetu. Kicheko hicho kikaniamsha. Mama Halima akavua leso yake, akaizungusha kwenye ule mpini usitikisike. Tukawashusha mafahali, tukampakia Guyo, lori likapanda kuelekea hospitali ya misheni upande wa Meru. Ukungu ukatumeza. Niliona kama tunaelea, na sikujua kama bado anapumua.

Daktari akampasua kifua. Baadaye alinieleza: damu ilikuwa imejaa kwenye ngozi inayofunika moyo, ikaubana. Akaifungua ile ngozi, akatoa kisu, akaziba tundu kwa kidole huku moyo unapiga, kisha akaushona.

"Mngekitoa kule sokoni, mngeniletea maiti," akasema.

Guyo alipoamka aliuliza, "Yule mweusi mmemuuza?"

"Lala, mjinga wewe," nikamjibu, na machozi yananitoka.

Sasa nakuambia bila kuzunguka. Mtu akichomwa na kisu, mkuki au mshale, usiuchomoe. Ukaze usicheze, umkimbize hospitali. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mapenzi yenye pupa huua. Mkubwa akikukemea mbele ya watu, meza aibu yako. Aibu hupona, mwanangu, kaburi haliponi.

Mungu autulize mkono wako, na moyo wako upige mpaka uwabebe wajukuu.