Mama Mikasi na Maboksi Kumi

Kwa miaka tisa Mama Mikasi alifagia stoo ya hospitali na kukatakata maboksi matupu ili yaenee kwenye pipa. Hayo maboksi ndiyo yaliyomfundisha Kiingereza, maana shule aliiacha mapema. Siku moja mkasi ulipita katikati ya "reusable", na mtunza stoo, mzee mpole, akamweleza vipande alivyobaki navyo: "re" ya kurudia, "use" ya kutumia, "able" ya kuwezekana. Kumbe lile neno refu ni vineno vitatu vilivyoshikana tu. Tangu hapo akawa haambiliki. Nyumbani alijaza droo nzima vipande vya maboksi vyenye "un", "less" na "anti", hadi mumewe akauliza vijiko vihamie wapi.

Nafasi ya msaidizi wa stoo ilipotangazwa, aliitaka kufa na kupona. Mgongo ulichoka kuinama, na kusema kweli alichoka pia kuitwa "wewe wa ufagio". Mshindani wake alikuwa dada mmoja mwenye cheti, aliyesoma Kiingereza kama anayekunywa maji.

Mtihani ulikuwa kusoma maandishi ya maboksi kumi na kuyapanga kwenye rafu za wodi na za chumba cha upasuaji kwa dakika kumi, kila mmoja na yake. Dada alimaliza mapema, akakaa akijipepea. Mama Mikasi alifunika kila neno kwa kidole gumba na kulifunua kipande kwa kipande. Muda ulipokwisha alikuwa amepanga sita, na tumaini lote likamwishia.

Mtunza stoo akakagua rafu. Kwenye rafu ya chumba cha upasuaji ya yule dada akashusha boksi la glavu lililoandikwa "non-sterile", yaani hazijasafishwa kwa kuuliwa vijidudu. Dada aliliona neno alilolizoea, "sterile", hakujali "non" iliyolitangulia. Glavu kama hizo, Mama Mikasi alikuwa amezipeleka kwenye rafu ya wodi.

"Haya manne mbona umeyaacha?" mzee akamuuliza.

"Sijamaliza kuyasoma, baba. Siwezi kupanga kitu nisichokijua."

Mtunza stoo akavua saa yake, akaitia mfukoni, akavuta kiti.

"Basi soma taratibu, mama. Kesho ufagio mwachie mwingine, wewe njoo uchukue ufunguo."

Mama Mikasi akalia kwa furaha mbele yao, gumba likiwa juu ya neno la boksi la saba.