Pumzi ya Kushoto

Dada yangu alifundisha kuogelea miaka yote akiwa mkavu. Alitembea ukingoni mwa bwawa na ndala zake, chwa, chwa, sambamba na muogeleaji, huku akifoka. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, yake yangemrudisha. "Piga miguu! Hapo ni kitandani?" Mimi, mdogo wake, nililinda nguo na mabegi kwenye chumba cha kubadilishia, na kazi yangu ni hiyo mpaka leo.

Alipofariki, watu wakasema bwawa litafungwa. Wapi! Mtoto wa nyoka ni nyoka. Binti yake, bingwa wa kuogelea chali, aliacha mashindano akachukua filimbi ya mama. Asubuhi anafundisha watoto wanaong'ang'ania ukingo na kulia. Jioni anamnoa mdogo wake wa kiume, tunayemwita Kambare.

Kambare alikuwa na kasi ya kutisha. Mbio zake ni fupi, za kwenda tu bila kurudi. Lakini alivuta pumzi kushoto tu, upande aliotembea mama, na kila mara alichelewa kurudisha kichwa majini. Akapinda, akagusa kamba ya njia yake, akapitwa. Mara mbili akashika mkia. Mchujo wa timu ya taifa ulipokaribia, binti akambana mbele yangu.

"Unatazama nini huko kushoto?"

"Sitazami, dada. Nasikiliza."

"Nini?"

"Ndala za mama."

Mimi si mtu wa mizimu. Wafu nawaombea, siwasubiri. Ila nilipopiga deki ukingoni baadaye jioni ile, upande wa kushoto niliuacha na uchafu wake.

"Anatembea?" binti aliuliza, sauti imeshuka.

"Kila siku. Nikizubaa ananiita mvivu."

"Mchujoni utavuta pumzi kulia."

Kijana akatikisa kichwa. "Nikivutia kulia nitakuwa nimemwacha peke yake."

"Basi baki naye. Timu itaondoka bila wewe. Halafu umweleze mwenyewe kwa nini hukwenda."

Yule binti ana ulimi wa mama yake, Mungu amrehemu.

Siku ya mchujo nilisimama nyuma ya binti. Kambare akaruka. Pumzi ya kwanza, kushoto. Ya pili, kushoto. Nikashika tama. Kisha uso ukageuka kulia, macho yamefumbwa, kama mtu anayepita mlango wa mgonjwa wake bila kuingia. Akanyooka. Akagusa ukuta akiwa wa pili, na wawili ndio waliokuwa wanachukuliwa.

Watu wakashangilia. Yeye hakutazama hata saa. Alishika ukuta akamwangalia dada yake. "Alikuwepo?"

"Alikuwepo," binti alijibu. "Amekwenda na wewe mpaka mwisho. Wala hakukasirika."

Kambare akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikamsaidia kulia.

Baadaye nilimkuta binti chumbani kwangu, amekaa katikati ya mabegi ya watu, anatetemeka. Nikadhani ni furaha.

"Mwanangu, umefanya vizuri kumwambia ulivyomwona."

"Sikuona kitu, mama mdogo." Alijifuta uso kwa taulo la mtu. "Natembea palepale alipotembea. Nafundisha watoto wake, nafoka kama yeye. Kila siku natega sikio. Mimi hajawahi kunijia."