Aliyekwama Afukuze Ndege

Enzi zetu, sisi wa ufukweni mwa ziwa, Ilemela, likizo haikuwa ya kulala. Asubuhi dagaa wakishafika, mama anawatandaza juu ya miamba, na sisi watoto tunakabidhiwa kazi ya kuwalinda dhidi ya kunguru na yangeyange mpaka wakauke. Jua linawaka, mwamba unaunguza makalio, mfukoni una matobolwa mawili, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, ya kumung'unya hadi mchana. Ungefanya nini kama si kupiga hadithi?

Tulikuwa watatu. Kaka zangu mapacha, Kulwa na Doto, na mimi Shija niliyewafuata; hata jina nililikuta linanisubiri, maana kwetu anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Hadithi yetu ilikuwa moja, ya kupokezana. Kulwa anaanza, Doto anapokea, mimi namalizia. Huko kumalizia ndiko kulikonitesa! Wale wawili walijaza humo majitu, mamba, na kila ndege ya abiria iliyopita juu yetu kwenda kutua uwanjani, halafu mzigo wote wananibwagia mimi. Nabaki nimeachama.

Lakini tulikuwa na sheria. Aliyekwama hanuni wala hasemi "sijui". Anainuka, anafukuza ndege mpaka mwisho wa miamba, na akirudi anaendelea pale pale alipoachiwa. Basi hakuna mtoto aliyefukuza ndege kunizidi. Mama, ameinama anageuza dagaa, hata hakuinua kichwa. "Kimbia, Shija," alikuwa akisema. "Maneno yatakukuta njiani." Na kweli, nikirudi nahema, yalikuwa yameshanikuta.

Vijana wa siku hizi wakikwama wanaiuliza simu, nayo inawamwagia kurasa tatu kabla chai haijapoa. Hongereni, wanangu. Ila kunguru wa Ilemela hamumjui.

Nimekuwa mtunzi wa hadithi za watoto redioni, kazi niipendayo kuliko zote nilizowahi kufanya. Mwaka jana nikakwama. Masika yakapita, kiangazi kikaingia, mimi na kompyuta tunatazamana tu. Wenye redio, watu waungwana, wakanieleza kwa upole kwamba nisipoleta hadithi mpya kipindi watampa mwingine. Niliogopa sana. Mtu mzima akiogopa hana hata wa kumlilia.

Nikawapigia mapacha. Kulwa ana karakana ya mageti Igoma. Doto anaishi na mama pale pale nyumbani. Nikawaambia tupokezane tena.

"We Shija, na mvi hizi?" Kulwa akacheka. Lakini jioni ile ile, baada ya kula, akatuma sauti yake kwenye simu. Doto akapokea, nikamalizia. Ikawa ndiyo desturi yetu, kila jioni, mtu apende asipende. Mwanzoni zilikuwa hadithi mbovu, hata mbuzi asingezisikiliza. Nikikwama nachukua ufagio, nafagia uwanja, narudi. Taratibu mdomo ukaanza kufunguka, ingawa hadithi ya kupeleka redioni bado sikuwa nayo.

Jioni moja tukakwama wote watatu. Kisha kwenye simu ya Doto ikaja sauti ya mama.

"Nyie watoto, kila siku mnaanza nyingine, na ile hamkuimaliza?"

Ipi tena, mama?

"Mvua ilikuja, mkakimbilia kuanua dagaa. Yule bibi mkamwacha juu ya jiwe katikati ya ziwa, kuku wake kichwani, maji yamefika magotini. Mimi namngoja ashuke mpaka leo."

Miaka yote tulidhani mama anageuza dagaa tu.

"Ilikuwa zamu ya nani?" akauliza Kulwa.

"Ya Shija," mama akajibu.

Nikatoka nje, nikafagia uwanja ambao tayari ulikuwa safi, nikarudi. "Shikamoo, mama," nikasema. "Sikiliza." Nikawaita kunguru na yangeyange wote niliowahi kuwafukuza, wakaja, wakamnyanyua yule bibi kwa kingo za khanga yake, na kuku wake juu. Asubuhi niliiandika bila kusimama. Ndiyo hadithi iliyokibakiza kipindi mikononi mwangu.

Siku hizi dagaa wanaanikwa kwenye vichanja vya nyavu, na miamba yetu mingi imejengewa nyumba. Ndege bado wanakuja, ila hakuna watoto wa kuwafukuza. Wapo ndani, kila mmoja na hadithi yake kwenye kioo chake, wala hakuna anayempokea mwenzake. Sisi tulikuwa na ziwa zima mbele yetu. Sasa tuna simu tatu na jioni fupi, na mama amezeeka.

Lakini jioni ile alisikiliza mpaka bibi akafika nchi kavu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya Kulwa, anza nyingine."