Bibi Aliyekula Ladha ya Samaki

Najua wengine mtacheka. Chekeni tu. Haya yalitokea jikoni kwangu, hapa Kasulu, mchana kweupe, na sikuwa na homa.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Tanga, nimeolewa katika familia iliyotoka Burundi zamani ikapata uraia hapa. Tangu niolewe, mama mkwe hakuwahi kula chakula changu. Nampakulia, ananishukuru vizuri, anaishika sahani mpaka inapoa. "Nimeshiba, mwanangu." Kashiba nini, na katoka kijijini Nyakitonto asubuhi? Niliumia, jamani. Nilishaamini hanitaki.

Siku hiyo alikuwa anakuja tena, nikaapa kumpikia kitu ambacho pua yenyewe haiwezi kukikataa. Nilikuwa nimeona kwenye simu vidonge vya samaki vya Kithai. Wenyewe wanatia na kamba, lakini kamba wa kwetu Tanga utawapata wapi huku? Nikachukua migebuka, wale samaki wa ziwani Kigoma, nikaitoa miiba, nikaitwanga na tangawizi, mchaichai na pilipili, nikafinyanga vidonge, nikaanza kukaanga. Pembeni nimeweka bakuli la ndimu na sukari, la kuchovyea.

Mara bibi mmoja kasimama mlangoni. Mvua inanyesha, yeye mkavu. Niamini, mkavu kabisa.

"Mwana wanje, mwanangu, kinanukia. Nipe nionje."

Nikampa kimoja kwenye kisahani. Hakukigusa.

"Kwanza ng'ata wewe. Kwetu mpishi anaonja mbele ya mgeni, mgeni ajue hamna sumu."

Kwetu Tanga kumtangulia mgeni ni kukosa adabu! Hata hivyo nikakimega kwa meno. Kilikuwa kikali, kitamu. Akakiinamia kilichobaki, akavuta pumzi ndefu, macho kayafumba.

"Mwambie Kanyana ale. Mimi sikuonjewa. Yeye ataonjewa."

Nikageukia kikaango, vidonge visije vikaungua. Kutazama tena mlangoni, hayupo, na kwenye matope hakuna hata unyayo. Kile kipande kipo palepale. Nikakitia mdomoni: hakina chumvi, hakina pilipili, hakina hata harufu ya samaki. Nilikuwa natafuna karatasi! Sikuogopa, nilistaajabu, nikajikuta nimevua ndala jikoni kwangu mwenyewe.

Mama mkwe alipofika, niling'ata kidonge mbele yake, kisha nikampa sahani.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi mmoja, mama. Kasema Kanyana ale."

Jina hilo hata mume wangu hakulijua. Aliyemwita mama mkwe hivyo ni marehemu mama yake, aliyekufa huko Burundi kwa sumu ya chakula cha jirani, mama mkwe akiwa mtoto mdogo, amekaa pembeni anatazama.

Alikula, jamani. Alikula machozi yakidondokea sahani, kisha akatoka uani kwenye mvua, mwanamke mzima mwenye mvi, akaita, "Mama! Mama!"

Tangu siku hiyo anakula kwangu, tena anaongeza. Nawe unayenisikiliza, mtu akisimama mlangoni akakwambia kinanukia, usimuulize katoka wapi. Ng'ata, umpe.